Chaneli za ioni na matatizo ya mapigo ya moyo

Chaneli za ioni ni protini zilizopachikwa kwenye utando wa seli, zenye tundu jembamba katikati linalopitisha chembe za chumvi zenye chaji ya umeme, hasa sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Katika moyo, kufunguka na kufungwa kwa chaneli hizi ndiko kunakozaa umeme unaouamuru msuli ujikaze. Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linahitaji chaneli hizo zifunguke kwa zamu, kila aina kwa wakati wake. Zamu ikivurugika, mapigo hukosa mpangilio: huenda mbio, huzorota, hurukaruka au hukatika kabisa.

Matatizo ya mapigo yana majina mengi, na orodha yake humchosha hata mwanafunzi wa udaktari. Hata hivyo, sehemu kubwa yake hueleweka kwa swali moja: ni chaneli ipi iliyokosea, na imekosea vipi? Je, imefunguka kupita kiasi, imefunguka kidogo mno, au imefunguka wakati usio wake? Swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini jeni la kurithi, kidonge cha malaria na kuharisha kwa siku kadhaa vinaweza kumwangusha mtu kwa njia ile ile.

Chaji ya seli inakotoka

Nje ya seli ya moyo kuna sodiamu nyingi, takriban milimoli 140 kwa lita, ilhali ndani ni kama 10 tu. Potasiamu iko kinyume: ndani ni karibu 140, nje ni kama 4. Kalsiamu huru iliyo nje huizidi ya ndani kwa kiasi cha mara 10,000. Tofauti ya sodiamu na potasiamu hulindwa na pampu iliyogunduliwa mwaka 1957 na Jens Skou wa Denmark, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kila mzunguko mmoja wa pampu hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, na kazi hiyo hula nishati ya seli.

Chaneli haitumii nishati. Ni lango tu: likifunguka, ioni hupita zenyewe kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache, mamilioni kwa sekunde moja. Chaneli nyingi za moyo hufunguliwa na mabadiliko ya chaji kwenye utando, na kila moja huchagua ioni yake. Chaneli ya potasiamu hupitisha potasiamu na kuizuia sodiamu, ingawa sodiamu ni ndogo zaidi. Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 1998, Roderick MacKinnon wa Marekani alipoonyesha umbo halisi la chaneli hiyo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Kabla ya hapo, mwaka 1976, Erwin Neher na Bert Sakmann wa Ujerumani walikuwa wamefaulu kuipima chaneli moja peke yake. Walichukua mrija wa kioo wenye ncha nyembamba mno, wakaigusisha kwenye utando wa seli ya msuli wa chura, kisha wakarekodi umeme unaopita kwenye eneo hilo dogo. Mchoro waliopata ulionyesha mkondo ukiruka kutoka sifuri hadi kiwango kimoja, ukidumu hapo kwa muda mfupi, kisha ukirudi sifuri. Chaneli iko wazi au imefungwa. Njia hiyo, iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1991, ndiyo iliyowawezesha watafiti kuchunguza kwa undani chaneli za moyo zenye hitilafu.

Pigo moja ndani ya seli moja

Seli ya ventrikali, yaani chumba cha chini cha moyo, inapotulia huwa na chaji hasi ndani, karibu milivolti 85 hadi 90 chini ya sifuri. Utulivu huu hutunzwa na chaneli za potasiamu zinazobaki wazi wakati seli imepumzika. Umeme ukifika kutoka seli jirani, chaneli za sodiamu ziitwazo Nav1.5 hufunguka kwa wingi karibu kwa pamoja, na ndani ya milisekunde moja au mbili chaji hupanda kupita sifuri. Mara hiyo hiyo chaneli hizo hujifunga, na haziwezi kufunguka tena mpaka seli irudi kwenye utulivu. Kujifunga huku ni kinga, kwa sababu huzuia pigo jipya lisiingilie pigo ambalo halijakamilika.

Baada ya kushuka kidogo, chaji hutua. Chaneli za kalsiamu zinaingiza kalsiamu, chaneli za potasiamu zinatoa potasiamu, na mikondo hiyo miwili inakaribiana kwa nguvu kiasi kwamba chaji hukaa karibu na sifuri kwa zaidi ya milisekunde 100. Hapa ndipo moyo unapotofautiana na neva, ambazo umeme wake hupita kwa milisekunde chache tu. Kalsiamu kidogo iliyoingia hufungua chaneli nyingine zilizo ndani kabisa ya seli, ziitwazo RyR2, kwenye ghala la kalsiamu. Kalsiamu inayomwagika kutoka ghalani ndiyo inayoukaza msuli.

Mwishowe chaneli za kalsiamu hufungwa na potasiamu inashika usukani. Chaneli ya hERG hurejesha chaji kwa haraka, na chaneli ya KCNQ1 huisaidia polepole, hasa adrenalini inapopanda na moyo kutakiwa kwenda mbio. Safari nzima huchukua takriban milisekunde 200 hadi 300. Kwenye karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, muda ambao ventrikali huchukua kutoka kuwashwa hadi kurejesha chaji huitwa QT. Ukishasahihishwa kulingana na kasi ya mapigo, huwa kwa kawaida chini ya milisekunde 450 kwa wanaume na 460 kwa wanawake. Ukivuka 500, hatari ya mapigo kuvurugika hupanda sana.

Mapigo yanaanzia wapi

Seli nyingi za moyo hungoja kuwashwa na jirani. Zile za kifundo kilicho kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo, kilichoelezwa na Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza mwaka 1907, hujiwasha zenyewe. Kila pigo likiisha, chaneli za HCN4 hufunguka na kuingiza sodiamu polepole mpaka chaji ifikie kiwango cha kuanzisha pigo jingine. Mkondo huu ulielezwa mwaka 1979 na Hilary Brown, Dario DiFrancesco na Denis Noble. Adrenalini huuongeza, na mapigo huharakishwa.

Kutoka hapo umeme husambaa seli hadi seli kupitia vijia vya protini vinavyoziunganisha. Hufika kwenye kifundo cha katikati ya moyo, ambako hucheleweshwa kidogo ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu chini, ndipo huteremka kwenye ventrikali. Kifundo hicho cha katikati hutegemea zaidi kalsiamu kuliko sodiamu. Ndiyo maana dawa inayozuia kalsiamu, kama verapamili, hupunguza mapigo yanayopita hapo.

Jinsi mpangilio unavyovunjika

Matatizo ya mapigo ya kasi hutokea kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni seli zisizohusika kujiwasha zenyewe. Ya pili ni mshtuko unaotokana na pigo lililotangulia: chaji ikichelewa mno kurejea, chaneli za kalsiamu hupata muda wa kufunguka tena kabla pigo halijaisha, au ghala la kalsiamu huvuja baada ya pigo kuisha, na uvujaji huo huzaa mkondo wa umeme. Ya tatu ni umeme kuzunguka. Ukikuta sehemu moja ya msuli bado imezuiwa na nyingine iko tayari, hupita upande ulio tayari, hugeuka, hurudi pale ulipoanzia na kuzunguka tena na tena. Makovu ya shambulio la moyo huacha njia nyingi za mzunguko kama huo.

Mapigo kuwa ya polepole kupita kiasi hutokana na kifundo cha juu kushindwa kujiwasha au umeme kukwama njiani, na hapa pia chaneli huhusika. Nchini Afrika Kusini kuna ukoo mkubwa ambao kwa vizazi kadhaa umekuwa na ugonjwa wa umeme kukwama kwenye njia za ventrikali. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba chanzo ni badiliko katika chaneli iitwayo TRPM4. Tiba ya wagonjwa hao ni kupandikizwa betri ya moyo.

Magonjwa ya kurithi ya chaneli

Mwaka 1957 madaktari Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen wa Norwei walieleza familia moja yenye watoto wanne waliozaliwa viziwi na waliokuwa wakizirai mara kwa mara. ECG zao zilionyesha QT ndefu, na watatu kati yao walikufa ghafla wakiwa bado wadogo. Uziwi na moyo vilionekana kuwa mambo mawili yasiyohusiana mpaka jeni lilipopatikana: chaneli ya KCNQ1 inayorejesha chaji ya moyo ndiyo pia inayojaza potasiamu kwenye majimaji ya sikio la ndani. Mtoto aliyerithi jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili hukosa vyote. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja husikia vizuri, lakini moyo wake unaweza kuwa na hatari iliyojificha.

Ugonjwa wa QT ndefu hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 2,000. Aina zake kuu tatu zinaonyesha wazi nguvu ya swali letu. Aina ya kwanza ni upungufu wa KCNQ1, chaneli inayohitajika zaidi moyo unapokwenda mbio. Kwa hiyo mgonjwa huanguka akikimbia au akiogelea. Aina ya pili ni upungufu wa hERG, na kinachomwangusha mgonjwa mara nyingi ni mshtuko, kwa mfano kengele ya saa au simu inayolia ghafla. Ya tatu ni chaneli ya sodiamu isiyojifunga vizuri, inayoendelea kuvujisha wakati ingepaswa kutulia; mgonjwa wa aina hii huwa hatarini usingizini, mapigo yanapokuwa ya taratibu. Afrika Kusini kuna kundi la familia zinazotokana na walowezi wa Rasi ya Tumaini Jema zenye badiliko moja la KCNQ1 liitwalo A341V. Uchunguzi wao umeonyesha kwamba hata walio na badiliko lile lile hawaumwi sawa, maana jeni nyingine na mwenendo wa neva huongeza au hupunguza hatari.

Chaneli ya sodiamu ikipungukiwa, ugonjwa huwa mwingine. Mwaka 1992 ndugu Pedro na Josep Brugada walieleza wagonjwa wanane waliokuwa na mchoro wa pekee kwenye ECG, moyo usio na kasoro ya umbo, na historia ya mapigo kukatika ghafla. Mwaka 1998 jeni la SCN5A, linalotengeneza Nav1.5, lilitambuliwa kuwa mojawapo ya vyanzo. Ugonjwa huu huua zaidi wanaume, mara nyingi usiku, na unapatikana kwa wingi Asia ya kusini mashariki. Homa huuchochea kwa sababu joto hubadilisha utendaji wa chaneli hiyo. Mgonjwa wa Brugada anapaswa kushusha homa mapema.

Ugonjwa wa chaneli za RyR2 ni wa hila zaidi. Mtoto anaonekana mzima, ECG yake akiwa amepumzika ni safi, lakini akicheza mpira au akipata hofu kali adrenalini hulifanya ghala la kalsiamu livuje na moyo hupoteza mpangilio. Mara nyingi hautambuliki bila kipimo cha ECG wakati mtoto anafanya mazoezi.

Chaneli nzima katika mazingira mabaya

Watu wengi wanaopata matatizo ya mapigo hawakurithi hitilafu yoyote. Chaneli zao ni nzima, ila damu inayozizunguka au dawa zinazoingia mwilini zimezibadilisha.

Potasiamu ikishuka, kwa kuharisha, kutapika au dawa za kukojoza, chaneli ya hERG hudhoofika na QT hurefuka. Potasiamu ikipanda, kama kwa mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu, seli hupoteza utulivu, chaneli za sodiamu hukwama zikiwa zimefungwa, umeme husafiri kwa kuburuzika na moyo unaweza kusimama. Kwenye ECG mawimbi ya T, yanayoonyesha ventrikali zikirejesha chaji, huwa marefu yenye ncha kali. Kalsiamu ya sindano huukinga moyo ndani ya dakika chache, na insulini pamoja na glukosi huirudisha potasiamu ndani ya seli wakati tiba ya chanzo inaandaliwa.

Kwa upande wa dawa, hERG ndiyo chaneli inayozibwa kwa urahisi kuliko nyingine zote. Uwazi wake wa ndani ni mpana na una sehemu zinazonasa molekuli za aina nyingi. Matokeo yake ni aina ya mapigo ya kasi ambayo mawimbi yake hujisokota kuzunguka mstari wa ECG, iliyoelezwa na daktari Mfaransa François Dessertenne mwaka 1966. Terfenadini, dawa ya mzio iliyotumiwa na mamilioni ya watu, iliondolewa sokoni katika miaka ya 1990 kwa sababu hiyo. Halofantrini, dawa ya malaria iliyotumika sana Afrika wakati huo, nayo iligundulika kurefusha QT kwa kiasi cha hatari. Dawa mseto ya sasa yenye lumefantrini ina athari ndogo zaidi kwenye moyo.

Kwa Afrika Mashariki, mifano miwili inastahili kuangaliwa kwa karibu. Wa kwanza ni kifua kikuu sugu. Bedakwilini imeokoa maisha ya wengi na kuwaondoa kwenye sindano zilizokuwa zikiharibu masikio, lakini hurefusha QT, na hutolewa pamoja na dawa nyingine zenye athari hiyo hiyo, kama klofazimini na moksifloksasini. Ndiyo maana wagonjwa hupimwa ECG kabla ya kuanza na wakati wa tiba, na potasiamu yao huangaliwa. Mfano wa pili ni methadoni, inayotolewa katika hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania tangu mwaka 2011 kwa watu wanaoacha heroini. Nayo huziba hERG. Mtumiaji anayepewa pia antibiotiki fulani au dawa za fangasi hujikuta na vizuizi viwili juu ya chaneli moja. Haya hayamaanishi dawa hizo ziachwe, maana faida yake ni kubwa. Yanamaanisha mtoa dawa ajue nini kingine mgonjwa anameza.

Kati ya kurithi na mazingira kuna eneo la katikati. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliripoti badiliko la SCN5A liitwalo Y1102, linalobebwa na takriban asilimia 13 ya Wamarekani weusi na linalopatikana pia Afrika Magharibi. Wengi wanaolibeba hawaumwi maisha yao yote. Hatari huonekana linapokutana na potasiamu ndogo au dawa inayorefusha QT.

Mtetemo wa vyumba vya juu

Tatizo la mapigo linalodumu na linaloonekana zaidi duniani ni mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, ambapo umeme huzunguka ovyo na vyumba hivyo hutetema badala ya kusukuma. Damu hutuama, huganda, na donge likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Katika nchi zetu mtetemo huu huwapata hata vijana, kwa sababu homa ya baridi yabisi ya utotoni huharibu vali na kutanua chumba cha juu cha kushoto.

Mtetemo huo wenyewe hubadilisha chaneli. Seli zinazowashwa mfululizo hupunguza chaneli za kalsiamu na kuongeza zile za potasiamu, pigo hufupika, na pigo fupi hurahisisha umeme kuzunguka. Mwaka 1995 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walionyesha kwa mbuzi kwamba kadiri mtetemo unavyodumu ndivyo unavyozidi kuwa mgumu kukoma. Hii ndiyo hoja ya kuutibu mapema.

Tiba kupitia chaneli

Tiba ya kwanza ya chaneli ilitumika kabla ya mtu yeyote kujua kuwa chaneli zipo. Mwaka 1912 mfanyabiashara Mholanzi alimwendea daktari Karel Wenckebach akiwa na mapigo ya ovyo, akamwambia kwamba kwinini humtuliza. Aliahidi kurudi kesho yake mapigo yakiwa sawa, na akarudi hivyo. Mwaka 1918 Walter Frey wa Ujerumani alionyesha kuwa kwinidini, ndugu wa kwinini kutoka gome lile lile la mti wa sinkona, ina nguvu zaidi. Leo tunajua kwamba huziba chaneli za sodiamu na za potasiamu.

Dawa za leo hupangwa kwa chaneli zinazolengwa. Lidokeini na flekainidi huziba sodiamu, sotaloli na amiodaroni huziba potasiamu, verapamili huziba kalsiamu. Propranololi na ndugu zake huzuia adrenalini isizisukume chaneli, na ndizo nguzo ya tiba ya QT ndefu. Mapigo yaliyojisokota hutulizwa kwa magnesiamu salfeti ya sindano, dawa ile ile inayotumika kwenye wodi za wazazi kwa kifafa cha mimba, na potasiamu iliyopungua hurudishwa.

Kuziba chaneli bila kuangalia moyo ulio mbele yako kunaweza kuua. Jaribio kubwa la Marekani lililojulikana kama CAST liliwapa enkainidi au flekainidi watu waliopona shambulio la moyo, kwa matumaini ya kuzuia mapigo ya ziada. Mapigo hayo yalipungua kweli, lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha vifo 63 kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa, dhidi ya 26 kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwenye msuli wenye kovu, umeme uliopunguzwa mwendo ulipata nafasi ya kuzunguka. Hata hivyo, flekainidi hiyo hiyo huwasaidia watoto wenye ugonjwa wa RyR2.

Hatari ikiwa kubwa, hupandikizwa kifuani kifaa kinachotambua mtetemo wa ventrikali na kuupiga shoti. Cha kwanza kiliwekwa kwa binadamu mwaka 1980 mjini Baltimore, kwa juhudi za Michel Mirowski. Huduma za kupandikiza betri ya moyo sasa zinapatikana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, miongoni mwa hospitali nyingine za ukanda huu.

Utambuzi

Magonjwa ya chaneli hayaonekani kwenye picha ya eksirei wala kwenye upasuaji wa maiti, kwa kuwa umbo la moyo huwa zima. Huonekana kwenye umeme wake tu. Mgonjwa anayeanguka ghafla na kutikisika kwa sababu ubongo umekosa damu hufanana sana na mwenye kifafa, na wengi hutibiwa kifafa kwa miaka, au hupelekwa kwa mganga kupungwa.

Kinachotenganisha ni maswali machache. Aliangukia wapi: akikimbia, akiogelea, aliposhtuliwa, usingizini? Alianguka ghafla na kuzinduka haraka akijitambua? Kuna ndugu aliyekufa ghafla kijana, au aliyezama majini ilhali alijua kuogelea? Anatumia dawa gani, na ameharisha au kutapika siku za karibuni? Baada ya maswali hayo hufuata ECG, kipimo cha dakika chache kisichoumiza, na QT ipimwe kwa mkono badala ya kutegemea tarakimu za mashine peke yake. Akikutwa na ugonjwa wa kurithi, wazazi, ndugu na watoto wake nao wapimwe, kwa sababu kila mmoja wao anaweza kuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kubeba jeni hilo.

Kijana aliyezirai akicheza hastahili kuandikiwa dawa ya kifafa kabla mstari wa moyo wake haujasomwa. Ugonjwa alio nao huenda umo kwenye protini moja tu, na vidonge vya propranololi, vya bei nafuu na vinavyopatikana hata kwenye hospitali za wilaya, vinaweza kumfikisha uzeeni.